Viganja Kwenye Kioo cha Ung'avuni

Mimi Yonazi Shemhilu, fundi vioo wa Korogwe, sijapata kuitwa mwongo na mtu anayenijua, na wasionijua sina shida nao. Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu mawili, mabovu kweli, lakini yangu. Njia ya kwenda Ung'avuni sitaieleza, maana mwenye haja ya kwenda atafika, na asiye na haja nitamchosha bure. Itoshe kusema waliniita wenyewe. Kioo kikubwa cha Baraza lao kilikuwa kinavuja kingoni, mafundi wao wameshindwa kukiziba, na habari za gundi yangu zilikuwa zimewafikia. Sijisifu. Gundi yangu ni nzuri.

Nilifika mpakani na sanduku langu la vifaa na ngazi yangu ya mbao. Afisa wa hapo, kijana mtaratibu aitwaye Pazi, alinikaribisha vizuri, akanisogezea miwani yenye fremu ya kijivu.

"Hii ndiyo yako, mzee. Utaivaa mpaka siku ya kuondoka. Kuoga tu ndiyo unaruhusiwa kuivua."

Nikamwuliza kwa nini. Akanisomea sheria yao ya kwanza: hakuna mtu ndani ya Ung'avuni atakayetazama kitu chochote isipokuwa kupitia kioo kilichosawazishwa na Idara ya Mwonekano. Ukitazama dirishani, kioo cha dirisha kinatosha na miwani yako inapitisha vyote; kwingine kote unatazama kupitia miwani yako, na vyote viwili vinaongozwa kwa umeme kutoka ofisini.

Basi tukajaribu. Miwani yangu mwenyewe ina vioo vinene kama kitako cha chupa, na bila hiyo sitofautishi mbuzi na mkungu wa ndizi. Ile yao haikukaa juu ya yangu, na yangu haikukaa juu ya yao. Waliitwa maofisa watatu, wakabishana kwa saa nzima, mwisho wakaniandikia Kibali cha Macho Matupu cha siku kumi na nne, kwa sharti moja: mgeni akiona kitu, asimwambie mwenyeji.

Wakati huo wote mvua ilikuwa inanyesha, na tone baada ya tone lilikuwa likianguka kutoka darini juu ya daftari la Pazi.

"Bwana Afisa, paa lako linavuja," nilimwambia.

Alitazama juu kupitia miwani yake. "Paa ni zima, mzee," alijibu kwa adabu. "Ila hewa ya leo ina unyevu kidogo." Akafuta daftari kwa mkono wa shati, mkono ambao ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko. "Na hilo ulilosema sasa hivi ni kosa la kwanza. Nimekusamehe kwa ugeni wako."

Nikanyamaza. Kunyamaza hakunijii kirahisi, mke wangu atawaambia.

Nilipangiwa kukaa mtaa wa Bondeni, nyumbani kwa mama mmoja wa makamo, Bi Zamda, kwa kuwa tungefanya kazi pamoja. Yeye ndiye mchanganyaji wa kile kimiminika kinachojazwa ndani ya vioo vya nchi nzima. Alikuwa mtu wa maneno machache na vidole vyenye madoa, na aliishi na mama yake, Bi Nyange, kikongwe ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi miaka sita iliyopita, lakini ulimi ulibaki mzima kabisa.

"Ndiye huyu mwenye macho matupu?" Bi Nyange aliuliza nilipoingia. "Hebu sogea, mwanangu. Nasikia unaona vitu jinsi vilivyo. Mimi nikoje?"

"Umekunjamana kama kanga iliyokosa pasi, mama," nilimjibu.

Alicheka hadi akakohoa. "Alhamdulillahi! Kumbe bado nipo. Huyu binti kila siku ananiambia nang'aa."

Bi Zamda alinifafanulia ufundi wenyewe siku ya kwanza karakanani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa vioo nilimwelewa upesi. Wanachukua vioo viwili vyembamba. Juu ya kimoja wanachora kwa dhahabu vipete vingi mno, kila kimoja kidogo kuliko wimbi la mwanga lenyewe. Katikati ya vioo hivyo wanajaza kimiminika chake, ambacho si maji na si fuwele, kiko hapo katikati: kinatiririka, lakini chembe zake zinapenda kujipanga. Ukipitisha umeme, chembe zote zinageuka kwa pamoja, mfano wa askari wa gwaride wakisikia "kulia geuka". Zikigeuka, vile vipete vinaupa mwanga njia nyingine. Rangi hii inapita, ile inazuiwa, kivuli hiki kinafutwa.

"Na ufa ni nini kwa jicho, fundi?" aliniuliza. "Ni kivuli chembamba tu. Ukikifuta kivuli, ufa haupo."

"Haupo machoni," nikasema.

"Hapa kwetu hakuna mahali pengine pa kuwapo," alijibu, akaendelea kukoroga.

Lazima niseme kwamba ufundi huo ni mzuri. Nimeukagua kwa mikono yangu na sijaona kazi safi kama ile popote. Kama kioo kile kingewekwa hospitalini kupunguza jua kali kwenye macho ya mgonjwa, ningevua kofia. Lakini mambo waliyoyafanya nacho ndiyo yaliyonitia hasira. Niliingia shule moja, nikakuta watoto wanakula uji mwepesi ambao mtu angeweza kusoma gazeti lililo chini yake, na kupitia dirisha la jikoni mwalimu mkuu anauona mzito kama ugali, anawashukuru wapishi. Niliona barabara yenye mashimo ambamo watu wanaanguka kila asubuhi, wanainuka, wanajifuta magoti na kulaumiana kwa uzembe. Kila kitu kibaya kilikuwa na daraja lake la kufutwa, kuanzia moja mpaka kumi, na mtu akilalamika, fundi wa Idara anakuja mara moja, mwepesi, mwenye tabasamu, anageuza swichi ya dirisha la mlalamikaji na kumpa karatasi asaini kwamba tatizo limekwisha. Sisi tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao wana methali yao, imeandikwa hata kwenye mlango wa Idara: usiposawazisha kioo utaona ufa.

Na ufa ulikuwapo. Hilo ndilo nililokuwa nazunguka kulisema.

Juu ya mtaa wa Bondeni kuna bwawa kubwa, na ukuta wake unasimama kilimani mithili ya mgongo wa nyumba zote zile, kaya mia tatu na kitu. Asubuhi ya pili nilipotoka kupiga mswaki nilitazama juu, mswaki ukanidondoka. Ufa ulianza karibu na ukingo wa juu, ukashuka kwa kupindapinda hadi chini ya katikati, mpana kiasi cha kuingiza mkono, na maji yalikuwa yanatoka ndani yake kwa mchirizi usiokatika. Chini ya ukuta ardhi ilikuwa imelowa na kuvimba.

Niliingia ndani mbio. Bi Zamda alikuwa anamlisha mama yake. Dirisha lao lilielekea ukuta huohuo, na kupitia kioo kile ukuta ulikuwa mkavu, laini, umependeza kama umepakwa chokaa jana.

"Bi Zamda," nilianza.

"Usiseme," alinikatiza, bila kugeuka. "Una kosa moja tayari. La pili wanakufukuza, na kioo cha Baraza kitabaki bila fundi."

Bi Nyange aliweka kijiko chini. "Mwambie ukweli, Zamda. Huyu si mtu wa Idara." Akanigeukia. "Sakafu yangu ina maji tangu mwezi wa tatu, mwanangu. Miguu yangu haisikii kitu, lakini huyu akinishusha kuniogesha, anainuka na magoti yamelowa. Miwani inasema pakavu. Sasa nimwamini nani, miwani au magoti ya binti yangu?"

Hapo ndipo Bi Zamda alipoketi na kunieleza. Alikuwa amekwenda Idara mara tatu. Mara tatu fundi alikuja kwa tabasamu lake na kupandisha daraja la dirisha. Aliomba kibali cha kuhama na mama yake, akanyimwa, kwa sababu sheria inakataza mtu kuhama pasipo sababu inayoonekana, asije akawatia wenzake hofu. Liko lango la kupunguzia maji pembeni mwa bwawa, lakini halifunguliwi mpaka Baraza lenyewe lione ufa. Na maji yakipungua hata pima mbili, jumba la Msawazishaji Mkuu, Mheshimiwa Gombera, halitaiona tena sura yake bwawani, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu lijengwe.

"Na Baraza linatazama ukuta kupitia wapi?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Kupitia kioo ulichokuja kukiziba."

Alinyanyuka kunitilia chai. Birika lilikuwa juu ya jiko dogo pale chini ya dirisha, na mvuke ulikuwa unapiga kona ya kioo. Nikaona jambo. Katika kona ile, mahali pa ukubwa wa sahani, kioo kilikuwa kimegeuka. Ukuta mkavu uliishia hapo, na ndani ya ile sahani ulikuwepo ufa, mweusi, na maji yakimeremeta ndani yake. Bi Zamda aliona macho yangu yalipokuwa, akalivuta birika haraka. Kioo kikapoa, na ufa ukajifuta polepole kutoka pembeni kuja katikati.

"Joto," alisema kwa sauti ya chini. "Kimiminika kikipata moto wa nyuzi sitini hivi, chembe zinasahau kujipanga. Kila moja inakwenda inakotaka. Umeme unaamuru, hakuna anayesikia, na mwanga unapita tu. Wachanganyaji wote tunalijua hilo. Tumekula kiapo tusiseme."

"Nyuzi sitini ni lazima?"

Alinisogezea kikombe cha chai. "Hapana," alisema. "Inategemea nimechanganya nini."

Sasa nieleze desturi moja ya Baraza, maana bila hiyo hamtaelewa tulichofanya. Kabla ya kupiga kura, kila mjumbe anakwenda mbele ya kioo kikubwa, anabandika kiganja chake cha kulia juu yake, na kusema kwa sauti: "Naona kama wote waonavyo." Kisha anarudi kitini. Wajumbe ni arobaini na watatu. Desturi hiyo wanaipenda kupita zote, wanasema ndiyo inayowatofautisha na mataifa yenye macho matupu.

Kioo hicho hujazwa upya mara moja kwa mwaka, na mwaka huu kilijazwa wiki ile, na sisi wawili. Bi Zamda alipima, akajaribu kwa kipimajoto, akamwaga, akapima tena. Alichanganya kimiminika kinachosahau adabu kwenye nyuzi thelathini na moja, yaani joto la kiganja cha mtu mwenye afya. Ukumbini wao hupoza hewa mpaka ishirini. Mimi niliziba kingo kwa gundi yangu.

"Wakijua, watakufanya nini?" nilimwuliza nikiwa juu ya ngazi.

"Watanizimia miwani. Mwaka mzima nitatembea gizani, nikiivua nifungwe." Alinipa kitambaa cha kufutia. "Mama yangu hawezi kukimbia, Kaka Yonazi. Maji yakija, mimi nitamwacha vipi? Ziba vizuri, lisivuje tone."

Nikaziba. Nimeziba vioo miaka thelathini na mbili, na sijawahi kuziba kwa moyo kama siku ile.

Kikao kilifunguliwa saa tatu asubuhi. Mimi niliketi kiti cha mgeni, Bi Zamda alisimama ukutani pamoja na watumishi. Hoja ilikuwa moja: kwa kuwa baadhi ya madirisha ya Bondeni yameanza kuonyesha kivuli fulani ukutani, je, kioo kipandishwe kutoka daraja la nne hadi la saba, au hadi la sita tu?

Walijadili kwa saa mbili na nusu. Wale wa Saba walisema nchi inastahili mwonekano wa kudumu. Wale wa Sita waliwaita wale wa Saba wabadhirifu wa umeme wasiojali vizazi vijavyo. Mjumbe mmoja wa Sita alilia machozi. Mmoja wa Saba alimwita mwenzake msaliti, ikabidi aombe radhi, akaomba, wakapigiwa makofi wote wawili. Hakuna aliyelitaja bwawa. Na nje, nyuma ya kioo kile, ukuta ulisimama mkavu na mweupe, mzuri mno, na mimi niliyepita chini yake asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimekanyaga tope mpaka kwenye fundo la mguu.

Nilivumilia. Nikavumilia tena. Halafu mjumbe mmoja akasema Bondeni panatamanika kiasi kwamba pajengwe nyumba nyingine mia, na mimi nikajikuta nimesimama.

"Jamani, ukuta umepasuka! Maji yanatoka! Kuna watu pale chini, kuna mama asiyeweza kutembea! Nyie mna akili kweli?"

Mheshimiwa Gombera, mtu mrefu mwenye sauti ya upole sana, alimgeukia katibu wake.

"Iandikwe kwamba mgeni amekohoa," alisema.

Katibu akaandika. Nikaletewa maji ya kunywa. Ndivyo ulivyoishia ushahidi wangu, kwa sababu kisheria jicho tupu si shahidi. Niliyanywa kwa hasira, siwezi kuficha.

Kisha wakaitwa kula kiapo. Wa kwanza alikuwa mjumbe mkongwe kuliko wote, Mzee Tongwe, mtu mnene wa Sita. Alibandika kiganja, akasema maneno yake, akakiondoa, akageuka kurudi kitini. Hakuona. Lakini ukumbi mzima uliona. Pale mkono wake ulipokuwa, kiganja na vidole vitano, ulibaki mkono wa kweli ndani ya ukuta wa uongo, na katika kile kiganja ufa ulipita ukitoa maji.

Mtu mmoja alisema, "Ala!"

Wa pili alibandika, wa tatu, wa nne. Baada ya wajumbe saba kioo kilikuwa na mikono saba, mmoja unaonyesha ufa, mwingine tope, mwingine paa la nyumba na mwanamke anayeanika nguo chini yake.

"Nani ana mikono michafu hapa?" aliuliza Mheshimiwa Gombera, bado kwa upole.

Kikafuata kitu ambacho wao tu ndio wangekifanya. Iliamuliwa kwamba wajumbe wamekichafua kioo. Likaletwa beseni la maji baridi, baridi ya barafu, na wote arobaini na watatu wakapanga mstari kunawa. Wakati wanaosha, kioo kilipoa, mikono ikafutika mmoja mmoja, na ukuta ukarudi mzima. Ukumbi ulishangilia. Wakaanza kiapo upya, sasa kuanzia mjumbe mdogo kuliko wote, na viganja vilikuwa vimeganda kwa baridi, na kioo hakikuonyesha kitu.

Nilimtazama Bi Zamda. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, tumeshindwa na beseni la maji.

Zamu ya Mzee Tongwe ikafika tena. Alisimama mbele ya kioo bila kunyanyua mkono. Baadaye nilikuja kujua ana dada yake Bondeni, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Zamda, ambaye kila Ijumaa humletea mchicha, na kila mara mchicha huja na tope kwenye mizizi. Alikuwa akimtania kwamba anachuma mtoni.

"Mheshimiwa," alisema, "mikono yangu inauma kwa baridi. Kuna sheria inayokataza mtu kusugua mikono?"

Katibu alifunua kitabu. Hakuna.

Mzee Tongwe akasugua. Alisugua kwa nguvu zake zote, tumbo likitikisika, akapuliza pumzi ndani ya viganja, akasugua tena. Kisha akabandika mikono yote miwili na kukaa hapo, kimya, mpaka nikadhani amelala. Alipoiondoa, hakugeuka safari hii. Alisogeza uso karibu na kuchungulia ndani ya mikono yake mwenyewe.

"Masikini dada yangu!" alisema. Halafu akapiga ukelele: "Sugueni mikono! Wote! Njoni mwone!"

Mheshimiwa Gombera alikwenda mwenyewe kwenye swichi. Aliizungusha hadi saba, hadi nane, hadi kumi. Sehemu za kioo zilizokuwa baridi zilizidi kupendeza, ukuta uking'aa kama meno. Sehemu zenye joto hazikumsikia kabisa. Na wajumbe walikuwa wameshatoka vitini. Wa Sita na wa Saba walisukumana, wakisugua mikono kama watu waliotoka kuoga asubuhi ya Lushoto, wakabandika viganja, viwiko, mashavu. Mmoja aligeuza mgongo akauegemeza wote. Nusu saa baadaye hakuna kipande cha ukuta wa uongo kilichozidi ukubwa wa leso, na ufa ulionekana wote, tangu juu hadi chini, na maji hayakuwa mchirizi tena.

"Katibu," alisema Mzee Tongwe, akihema, "andika kwamba Baraza limeona."

Katibu alimtazama Mheshimiwa Gombera. Mheshimiwa alikuwa bado ameshika swichi, anaizungusha huku na huku. Katibu akaandika.

Lango likafunguliwa saa nane na robo. Mimi, Bi Zamda na vijana wawili wa jirani tulimbeba Bi Nyange na kitanda chake mpaka kilimani upande wa pili, na njia nzima alikuwa akituelekeza kama nahodha na kulalamika kwamba nampeleka mrama. Siku ya tatu, saa kumi jioni, kipande cha ukuta kikubwa kama nyumba kiliporomoka. Maji yalikuwa yameshashuka chini yake. Tope lilikuja, likachukua jiko la Bi Zamda na lile birika, na kuku wawili. Mtu hakuchukua hata mmoja.

Mnataka kujua Bi Zamda alifanywaje? Aliitwa mbele ya Idara, wakamwuliza nani kachanganya kimiminika kile. Akasema, "Mimi." Hakuongeza neno. Wakaanza kuandika hati ya mashtaka, wakakwama. Wakiandika kwamba kioo kilionyesha uongo, basi Baraza lilifungua lango bila sababu na wote arobaini na watatu wana kosa. Wakiandika kwamba kilionyesha kweli, basi Idara ilikuwa inafanya nini miaka yote? Walibishana siku mbili. Mwisho faili lake liliwekwa nyuma ya kioo cha daraja la tisa, na tangu hapo hakuna anayeliona.

Baraza nalo halikukaa kimya. Kikao kilichofuata lilipitisha sheria, kwa kura nyingi, kwamba kuanzia sasa kiapo kitaliwa kwa mikono iliyovaa glavu za sufu. Niliposikia hivyo nilitaka kutupa nyundo yangu mtoni.

"Umekasirika nini?" Bi Zamda aliniuliza. Alikuwa anachuja kimiminika cha madirisha mapya ya Bondeni, kwa kuwa mengi yalikuwa yamevunjika, na cha miwani ya maofisa iliyokuwa ijazwe upya jioni ile.

"Glavu, dada! Baada ya yote haya, glavu!"

"Waache na glavu zao. Ukuta umeanza kujengwa kwa mawe. Umeona mawe, hukuyaona?"

"Nimeyaona."

"Basi." Alinyanyua kipimajoto, akakisoma dhidi ya mwanga. "Glavu ni za Barazani. Haya ni madirisha ya watu." Nilichungulia namba ile. Ilikuwa thelathini na moja.

Kibali changu kilikwisha siku iliyofuata. Bi Nyange alinipa mkono, akanishika kwa nguvu na kuniambia nimeanza kukunjamana mimi pia. Nikamwambia ndivyo nilivyo. Nikabeba sanduku na ngazi mpaka mpakani.

Afisa Pazi alikuwa kwenye meza yake ileile. Mvua ilikuwa inanyesha, na tone lilikuwa linaanguka juu ya daftari lile. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti: hakuwa amevaa miwani. Alikuwa ameikumbatia ndani ya ngumi zake mbili, chini ya ukingo wa meza, kama mtu anayeatamia yai. Alinisomea maswali ya kutokea kwa kichwa, macho ameyafumba ili asivunje sheria.

"Mgeni, katika siku zako kumi na nne umeona nini?"

Jibu linalotakiwa limebandikwa ukutani: sikuona kitu.

"Nimeona mama mmoja anajua kazi yake," nilimjibu.

Aliandika bila kufumbua macho, mistari ikapinda. Kisha akapuliza ndani ya viganja, mara mbili, tatu, akavaa miwani yake haraka kabla haijapoa, akainua uso darini. Alikaa hivyo. Tone likamwangukia kwenye paji la uso, likateremka puani, na hakulifuta.

"Fundi," alisema mwisho, "hiyo ngazi una haraka nayo?"

Niliiegemeza ukutani, akapanda yeye mwenyewe.